Leaf ya Goba: shajara ya kuhesabu uniti

Odometa 61,204, Jumamosi

Gari imeingia getini leo saa 10 jioni. Nissan Leaf ya 2018, gari ya umeme, used kutoka Japani kama gari nyingi tunazoendesha humu Dar, betri yake ya kilowati-saa 40. Hiyo kilowati-saa nitaiita uniti kuanzia hapa, maana uniti unayonunua LUKU ndo hiyo hiyo, na nadhani tukiiita kwa jina tulilolizoea haya magari yataacha kuonekana mambo ya wataalam.

Naandika kwa sababu miezi yote niliyokuwa natafuta habari kabla ya kununua, karibu kila nilichokisoma kilikuwa cha watu wa Ulaya na wasiwasi wao wa baridi, mi baridi sina, mi nina foleni ya Mwenge, nina jua la saa 8 mchana gari ikiwa imepaki Posta, nina vilima vya kurudi Goba kila jioni. Nataka nijue hii gari inakula nini HAPA.

Kabla ya kulipa nilifanya kitu kimoja ambacho namshauri kila mtu akifanye. Nilikuja na kidude cha OBD cha blututhi, kile kinachosoma kompyuta ya gari, kidogo kama kiberiti, nikakichomeka chini ya usukani nikafungua programu ya Leaf Spy kwenye simu. Dashibodi inaonyesha vijiti vyote 12 vya betri, muuzaji ananionyesha kwa kidole, unaona bosi, vyote vipo. Leaf Spy ikasema afya ya betri asilimia 86. Na wote wawili wako sahihi, kwa sababu kijiti cha kwanza kinapotea betri ikiwa imeshapungua kama asilimia 15, kwa hiyo gari ya asilimia 86 na gari ya asilimia 99 zote zinakuonyesha vijiti 12 na kwa macho huwezi kuzitofautisha kabisa. Ikiwa mpya unatumia kama uniti 38 hivi kati ya zile 40, yangu imebaki na 32 na nusu. Jozi za seli ziko 96, na iliyo juu na iliyo chini zilipishana milivolti 14 tu, hiyo ndo iliyonipa moyo wa kulipa, maana betri iliyochoka kwa usawa unaishi nayo, ila yenye seli moja mgonjwa itakuangusha njiani hata kama afya yake kwenye karatasi ni nzuri.

Skrini yote Kijapani. Binti yangu kashika simu na kamera ya kutafsiri, tumekaa ndani ya gari mpaka giza tunabonyeza kimoja kimoja.

61,231, Jumapili

Leo nilitaka nianze kuijua, ikaishia kuijua nyumba yangu.

Chaja niliyonunua ni kebo yenye kiboksi katikati, ya volti 230 ampia 10, plagi ya kawaida ya pini tatu. Nimechomeka sebuleni nikapitisha kebo dirishani, kiboksi kikawasha taa nyekundu na gari ikagoma. Nikahamia jikoni, nyekundu. Chumbani, nyekundu. Nikahisi chaja mbovu, nikambebea jirani nikamuomba nijaribu kwake, kijani papo hapo.

Kumbe ethi, ule waya unaokwenda ardhini kwa usalama. Kiboksi cha chaja kinapima ethi kwanza kabla hakijaruhusu umeme kwenda kwenye gari, bila ethi hakiruhusu kitu, wakati friji, pasi na TV vimefanya kazi miaka 9 ndani ya nyumba hii bila kutuambia kwamba ile pini ya juu ya kila soketi haijaungwa na chochote. Fundi umeme alikuja saa 9, akafuata waya wa kijani na njano kutoka kwenye DB, kile kisanduku cha sakiti breka, mpaka nje ukutani, akaukuta umekatika pale pale tulipopiga plasta upya mwaka ule tulipoongeza kibaraza. Ncha mbili za shaba zimegeuka kijani, katikati yake nafasi ya kidole kimoja.

Akapigilia fimbo mpya ya shaba, ardhi ngumu, tukamwaga maji ndoo mbili ndo ikakubali kuzama. Taa ya chaja ikawa kijani. Nilikaa pale nikawaza miaka yote watoto wameoga kwa hita ya ukutani nyumba haina ethi. Gari au sio gari, kila mwenye nyumba amuite fundi apime ethi yake, haichukui hata nusu saa.

61,387, Jumatano

Usiku wa tatu wa kuchaji mke wangu kaniamsha, anasikia harufu. Nikatoka nje kwenye ekstensheni niliyokuwa natumia nikaweka mgongo wa kiganja karibu na plagi, siwezi hata kuishika. Nikazima ukutani, nikachomoa, pini moja imekuwa kahawia na plastiki ya soketi imelegea kama nta.

Asubuhi fundi akanieleza na sasa naelewa. Pasi nayo inavuta umeme mwingi lakini inajizima na kujiwasha, birika ni dakika 4 imeisha. Gari inavuta ampia 10 saa sita, saba, bila kupumzika hata sekunde, na soketi yoyote yenye skrubu iliyolegea au waya mwembamba itaota joto polepole mpaka iyeyuke. Waya uliopita ukutani kwangu kwenda ile soketi ulikuwa wa milimita 1.5, ule wa taa. Tumevuta laini ya peke yake kutoka DB, waya wa milimita 4, sakiti breka yake ya ampia 20, soketi nzito imefungwa kibarazani kwenye kivuli. Ekstensheni nimeitoa kabisa kwenye habari ya gari. Sasa kila usiku kabla ya kulala naenda kugusa plagi, iko vuguvugu tu.

61,491, Ijumaa

Wiki ya kwanza ya kwenda kazini na hii gari, Goba mpaka Posta kilomita 26, kurudi 26.

Leo naandika kuhusu ile namba kubwa ya kilomita kwenye dashibodi, maana ndo iliyoninyima amani wiki nzima. Jumatatu asubuhi imejaa ikasema 241. Nimeshuka Makongo mpaka Mwenge nikafika Posta ikasema bado 228, yaani nimetembea 26 imepungua 13, nikaona hapa nimeokota dhahabu. Jioni kurudi, foleni kuanzia Morocco, AC imewaka, alafu vilima vya kwenda Goba, nimefika getini inasoma 161. Jumanne ikajaa ikasema 219. Mke wangu akauliza, gari hii betri imeshaharibika?

Betri haijafanyika kitu. Ile namba inakisia, inaangalia ulivyoendesha kilomita za karibuni na kuzidisha kwa umeme uliobaki, kwa hiyo ukishuka kilima inadhani dunia nzima ni mteremko, na ukipanda inadhani utapanda mpaka ufe. Ukiwasha AC inakukata kilomita zaidi ya 20 hapo hapo hata hujasogea. Kwa mtu anayekaa mlimani kama mimi haisaidii. Binti yangu kaibandikia stika ya ua juu yake na mi nimeiacha.

Sasa natumia asilimia. Betri yangu ina uniti 32 na nusu, asilimia 3 ni kama uniti moja. Na kwa wiki hii gari imenionyesha wastani wa kilomita 7.2 kwa uniti (gari za Japani zinasoma hivyo, kilomita kwa kilowati-saa, inakaa vizuri kichwani). Kwa hiyo asilimia 3, kilomita 7. Basi. Nikiwa na asilimia 30 najua nina uniti 10, najua nina kilomita 70, kipande cha mwisho simalizi nakiacha kama akiba. Tangu juzi nimeanza kuhesabu hivyo sijashtuka tena barabarani hata mara moja.

Kitu kingine cha wiki hii, usiijaze mpaka 100 kama unaanza safari kwa mteremko. Hii gari ukiachia mafuta (bado nasema mafuta, sijui tutasemaje) mota inageuka kuwa jenereta, inakupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imejaa huo umeme hauna pa kwenda. Jumatatu nilikuwa kwenye gia ya B, ile inayoishika gari zaidi ukiachia, nikaachia mguu nikitegemea inishike kama nilivyozoea kwenye majaribio, ikateleza tu, ikabidi nikanyage breki mteremko wote. Siku hizi nachomoa ikifika 85, nashuka Makongo na kale kaduara ka kurudisha umeme kamejaa, na nikifika chini nakuta asilimia ile ile niliyoanzia na siku nyingine imepanda moja.

61,762, Jumanne ya wiki ya pili

Hii ya leo nimeipenda sana.

Gari ilikuja saa yake inasoma muda wa Tokyo, inajiseti yenyewe kwa setilaiti na menyu ya kubadilisha nchi hatujaiona. Nilikuwa nimeipuuza. Leo asubuhi tunatoka binti yangu anasema baba saa ya gari iko sawa, nikamwambia haiko sawa, akasema iko sawa, ni saa moja na dakika kumi na mbili, imeandika 1:12. Nikaangalia. Ni kweli. Tokyo wako mbele yetu saa 6 kamili, na sisi tukihesabu saa kwa Kiswahili tunahama saa 6 kutoka kwenye ile ya kizungu, kwa hiyo saa ya Kijapani ndani ya gari inasoma Kiswahili! Saa 2 asubuhi yetu inaandika 2:00, saa 10 jioni inaandika 10:00. Herufi za asubuhi na mchana tu ndo zinapishana.

Na hapo hapo nikaelewa kwa nini taima ya kuchaji ilikuwa inanisumbua. Gari ina taima, unachomeka jioni yenyewe inaanza saa uliyoiseti. Mi nilitaka ianze usiku wa manane nikaweka 12:00 ya usiku, na kila siku nakuta imeanza saa 12 jioni, nikawa nachomoa na kuchomeka nikidhani haishiki. Ilikuwa inashika, usiku wa manane wa Tokyo kwetu ni saa 12 jioni. Sasa nimeweka 6:00, yaani saa 6 usiku, na inaanza saa 6 usiku.

Na sio suala la usumbufu tu. Leaf betri yake haina maji ya kupoza, inapoa kwa hewa peke yake, kwa hiyo joto la Dar linaingia na linatoka taratibu sana. Ninaporudi jioni Leaf Spy inasoma nyuzi 37, 38. Ukichaji hapo hapo unaongeza joto juu ya joto, na joto ndo linalozeesha betri kuliko kitu kingine, hasa ikiwa imejaa. Ikipumzika mpaka saa 6 usiku nakuta imeshuka 33. Alafu mtaani kwetu jioni kila mtu anapika na maji yanapampiwa, volti zinashuka mpaka 205 na chaji inakwenda polepole, usiku zinarudi 230. Kwa hiyo sababu ni mbili na zote zinasema subiri.

Jirani kaniuliza kwenye uzio, sasa umeme ukikatika? Nimemwambia uniti 32 kwa safari zangu ni siku 4 za kwenda kazini na kurudi, ukikatika usiku mmoja sijui hata kama umekatika. Na hali sio ile ya mwishoni mwa 2023 ya mgao, Bwawa la Nyerere pale mto Rufiji lilianza na mtambo wa kwanza Februari 2024, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Ninapenda kufikiria kwamba nashuka Makongo kwa maji ya Rufiji.

62,034, Jumatano

AC. Hapa nimekaa siku 6 nikipima na naona ndo jambo la maana kuliko yote kwa mtu wa Dar.

Kuna ukurasa kwenye skrini unaoonyesha umeme unakwenda wapi, mota kiasi gani, AC kiasi gani, vingine kiasi gani. Gari ikiwa imekaa juani Posta mchana kutwa, nikiingia saa 11 na kuwasha AC inavuta zaidi ya kilowati 2. Baada ya dakika 10 hivi ndani pamepoa inashuka kwenye 0.9 na inakaa hapo. Sasa nilivyokuwa nafikiri mwanzo ni kwamba AC inapunguza kilomita, na watu wote wanasema hivyo, AC inakula kilomita. Sio sahihi. AC inakula SAA. Haijui kama unatembea au umesimama.

Posta mpaka Goba jioni ya foleni ni saa moja na nusu. Kwa 0.9 ni uniti 1.35, karibu kilomita 10 zimeliwa na ubaridi. Njia hiyo hiyo urefu huo huo usiku wa Jumapili hakuna foleni nimetumia dakika 45, AC ikala nusu ya hapo. Na ukiwa barabara kuu unatembea 80, kilomita 26 ni dakika 20, AC inakula uniti 0.3, haihesabiki. Kwa hiyo yule anayezima AC akiwa safari ya mbali kisha anaiwasha akifika kwenye foleni ya mjini amegeuza mambo. Mota yenyewe kwenye foleni haili karibu chochote, ikisimama imesimama, hakuna injini inayonguruma bure. Kwenye foleni mlaji mkubwa ni AC.

Simaanishi tuteseke. Ninachofanya sasa nafungua vioo vyote vinne mita 300 za kwanza kutoka kwenye paking lile joto la tanuri litoke lenyewe, alafu ndo nawasha, nimeiweka 26 badala ya 22, na kivuli nakitafuta hata kama ni mbali nitembee. Wastani wa jioni umetoka 6.1 ukafika 6.9. Mke wangu alipanda jana hakuona tofauti ya ubaridi, nilimuuliza makusudi.

62,120, Jumamosi

Fupi. Upepo wa matairi. Kibandiko cha mlangoni kinasema kPa 250, ambazo ni 36 kwenye geji zetu. Nimekuta tatu ziko 28 na moja 26. Fundi pancha anajaza kwa kupiga tairi teke na kusikiliza, na kwa Leaf haitoshi, gari nzito hii, tani moja na nusu tupu. Nimeweka 36 zote. Gari imekuwa nyepesi kusukumwa kwa mkono, kweli nimeisukuma kibarazani mwenyewe.

e-Pedal nayo nimeizoea, ile swichi inayofanya kanyagio moja liendeshe na lisimamishe mpaka mwisho. Kwenye foleni ni raha, mguu wa kulia tu. Taa za breki zinawaka zenyewe ukiachia kwa nguvu, nilimuomba kijana wa bodaboda anifuate nyuma aangalie, zinawaka, maana niliogopa kugongwa. Ila barabara iliyo wazi naizima. Umeme unaorudi haurudi wote, unapotea kidogo kwenda na kidogo kurudi, kwa hiyo kuiacha gari iserereke yenyewe kunashinda kuishika na kuisukuma tena kila mara.

62,415, Jumapili

Jaribio la spidi. Nimetoka alfajiri peke yangu njia ya Bagamoyo kabla malori hayajaamka, nimechukua kipande cha Bunju mpaka Kerege, kwenda na kurudi kwa kila spidi ili upepo wa baharini ujifute, AC imezimwa, vioo juu. Kwenye 60 nimepata kilomita 8.9 kwa uniti. Kwenye 80 nimepata 7.3. Kwenye 100, na hiyo ni pale paliponyooka tu, 5.8.

Hewa ndo inayofanya hivyo. Nguvu yake inapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 60 ukaenda 100 hewa inakusukuma karibu mara 3, na gari ya umeme haifichi hilo kama gari ya petroli ambayo injini yake inapoteza joto kila wakati mpaka huoni tofauti. Nilipiga hesabu pale pale nimepaki pembeni karibu na mama wa vitumbua. Kilomita 30 kwa 100 badala ya 80 unaokoa dakika 4 na nusu na unalipa uniti moja nzima, na uniti moja ni kilomita 7. Nikinywa chai naona ndugu yangu mmoja na V8 ananipita, tulipungiana mikono.

ProPilot, ile inayoshika msitari na kumfuata wa mbele, inafanya kazi pale mistari ilipopakwa vizuri, ikipotea inaachia na kukupigia kelele. Kwa barabara zetu naitumia kama msaidizi wa kushika umbali, usukani siuachii.

62,540, hesabu ya mwezi

Hapa ndo ilipo sababu niliyoinunulia.

Niko kwenye tarifu ya kawaida, uniti moja na kodi zake inanitoka shilingi 356 na senti. Fundi alinifungia kimita kidogo kwenye laini ya gari peke yake. Betri ikipokea uniti 6 ukutani zimetoka 7, ile moja inapotea joto kwenye chaja ya ndani ya gari na nyaya. Kwa hiyo zile kilomita 7.2 za dashibodi ukihesabu kwa uniti unayoilipia zinakuwa 6.2. Watu wengi wanasahau hapo. Kazini na kurudi siku 22 ni kilomita 1,144, uniti kama 184, shilingi 66,000. Gari yangu ya zamani ya sisi 1,500 kwa foleni hizi ilikuwa kilomita 10 kwa lita, lita 114, na petroli ikiwa karibu elfu tatu hiyo ni 330,000 na zaidi. Sijaweka oil, plagi, filta. Nimerudia hesabu mara tatu.

62,811, Ijumaa usiku

Kesho Morogoro. Mama mkubwa anaumwa miguu na hajamuona mjukuu wake tangu Pasaka. Goba mpaka kwake kilomita 178. Tuko wanne na mizigo.

Nimekaa na kalamu. Betri 100 ni uniti 32.5. Nikienda 75 wastani nategemea 7.2 kwa tambarare, uniti 25. Morogoro iko juu, tunapanda kama mita 400 hivi ukijumlisha, gari na watu ni kilo 1,800, kuzinyanyua hizo mita 400 ni karibu uniti 2 na siwezi kuzikwepa. Jumla 27. Zinabaki 5, asilimia 15 na kitu. Inatosha lakini sio ya kuchezea, kwa hiyo tunatoka saa 11 alfajiri kabla ya jua, na Chalinze naangalia. Ikiwa chini ya asilimia 45 pale, tunapumzika na kuomba umeme.

62,989, Jumamosi, Morogoro

Tumefika. Asilimia 19.

Kibaha, Mlandizi, kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki ana tochi, na kwa hii gari vile vibao ni neema, kila penye 50 wastani unapanda. Chalinze nilikuwa na 52. Pale nilijua tumefika, mwili wote ukalegea, tukanunua machungwa. Kutoka Chalinze kwenda mbele unaona milima ya Uluguru inakuja kushoto, wastani umeishia 6.8.

Mama mkubwa kakaa barazani. Shikamoo mama mkubwa. Marahaba mwanangu, karibuni, hiyo gari mbona haikulia wakati inaingia? Nikamweleza. Akanyamaza kidogo akauliza, sasa itakunywa umeme wangu kiasi gani?

Na swali lake lilikuwa zito kuliko alivyojua yeye. Yeye yuko kwenye tarifu ya matumizi madogo, uniti moja shilingi 122, ila mwisho uniti 75 kwa mwezi, zikizidi unalipia bei kubwa. Kuijaza hii gari kutoka 19 ni uniti 30 na ushee ukutani. Ningechomeka kwake usiku mmoja ningekula karibu nusu ya mwezi wake na kumtoa kwenye bei yake, na hata kama ningemnunulia LUKU ya elfu kumi bado ningemharibia, kwa sababu zinahesabiwa uniti anazonunua. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo mpaka nimesimama pale na kebo mkononi. Nikairudisha kwenye buti. Nikamwambia mama mkubwa hapana, kwako haitakunywa hata tone.

Shemeji ana karakana ya kuchomelea mageti huko Msamvu, tarifu yake ya kawaida, nyaya nene na ethi anaipima mwenyewe kwa ajili ya mashine zake. Shemeji habari za kazi. Nzuri shemeji, lete hiyo kitu. Nimechomeka saa 11 jioni taa ikawa kijani mara ya kwanza, nikamtumia token ya 12,000. Vijana wa karakana wamekaa kwenye matofali wanauliza maswali mpaka magharibi, mmoja akanishika na swali la kwa nini mota isiwe na gia, tukachora chini kwa chaki ya kuwekea alama vyuma.

63,181, Jumatatu, Goba

Tumerudi na asilimia 30. Wastani 7.8, mvua nyepesi kuanzia Mlandizi, upepo wa mbele. Zile uniti 2 za kupandia hazikurudi zote ila sehemu kubwa nimeiona inarudi kwenye mteremko, kaduara kamejaa na Uluguru iko nyuma kwenye kioo. Ule muda wote nimeangalia asilimia tu, stika ya ua bado ipo juu ya namba.

Leaf Spy, betri nyuzi 39 getini, afya 85.8. Naiacha ipoe. Nimeichomeka, itaanza saa 6 usiku.